Hilali Ndani ya Lenzi Ndefu: Kuona, Kujua na Kushuhudia

Fikihi ya Kiislamu imeufungamanisha mwanzo wa Ramadhani na mwanzo wa Shawwal na kitendo cha kuona. Hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim zinawaelekeza Waislamu kufunga mwezi unapoonekana na kufungua unapoonekana, na kukamilisha siku 30 pale mawingu yanapouficha. Wanazuoni waliotangulia walijadiliana kwa kina juu ya idadi ya mashahidi wanaotosha, juu ya sifa za shahidi, na juu ya mji mmoja kulazimika au kutolazimika kufuata mwandamo wa mji mwingine, lakini kitendo chenyewe cha kuona hakikuwasumbua sana, kwa sababu kila mmoja alikielewa kwa namna ile ile: mtu husimama mahali palipo wazi baada ya jua kuchwa, huelekeza uso magharibi, na ama huiona hilali, yaani mwezi mchanga wa siku ya kwanza, ama haioni. Hali hiyo imebadilika tangu kamera zenye lenzi ndefu kupita kiasi zilipoingia madukani kwa bei ambayo mtu asiye mwanafalaki wala mpiga picha wa kazi anaweza kuimudu. Mtu huyo sasa anaweza kuning'iniza begani chombo kimoja, akaenda nacho ufukweni jioni ya tarehe 29 ya mwezi wa Kiislamu, akauvuta mwezi hadi ukajaa kwenye kioo. Swali linalozuka ni la kidini na la kifalsafa kwa wakati mmoja: aliyeitazama hilali ndani ya kamera hiyo, ilhali jicho lake tupu halikuona kitu, je, ameiona?

Kamera inayohusika hapa huitwa kamera ya daraja, kwa kuwa imekaa kati ya kamera ndogo ya mfukoni na kamera kubwa ya kitaalamu ambayo lenzi zake hubadilishwa. Lenzi yake imefungwa moja kwa moja kwenye mwili wa kamera na haitolewi, lakini ina uwezo wa kuvuta vitu vya mbali kuliko lenzi nyingi zinazobadilishwa. Nikon Coolpix P900, iliyotoka mwaka 2015, ilikuwa na uwezo wa kukuza mara 83, na Coolpix P1000 iliyotangazwa mwaka 2018 ikaufikisha uwezo huo mara 125. Jambo hilo limewezekana kwa sababu ya udogo wa kihisi, yaani kile kipande cha silikoni kinachopokea mwanga na kuugeuza kuwa umeme. Kihisi cha P1000 kina ukubwa wa takribani milimita 6.2 kwa 4.6, eneo dogo kuliko ukucha wa kidole gumba, na kwa hiyo lenzi yenye urefu halisi wa fokasi wa milimita 539 hutoa mtazamo mwembamba ambao kamera ya filamu ya milimita 35 ingehitaji lenzi ya milimita 3000 ili kuupata. Katika kiwango hicho picha nzima hubeba kipande cha anga chenye upana wa takribani theluthi mbili za digrii, na kwa kuwa mwezi wenyewe una upana wa takribani nusu digrii, mwezi mpevu huijaza picha kutoka juu hadi chini. Waundaji wake wameuzingatia mwezi kiasi cha kuuwekea hali maalumu ya kuupigia picha kwenye gurudumu la kuchagulia.

Mwanga wa hilali unapoingia katika kamera kama hiyo hupitia hatua mbili zilizo tofauti kwa asili, na hoja nzima inategemea kuzitenganisha. Hatua ya kwanza ni ya kioo: mwanga hukusanywa kupitia tundu ambalo, lenzi inapovutwa hadi mwisho, lina kipenyo cha takribani milimita 67, hupindwa na mfululizo wa lenzi, na taswira hutua kwenye kihisi ikiwa imekuzwa. Katika hatua hii lenzi huikuza hilali pamoja na anga iliyoizunguka, na tofauti ya mwangaza kati ya viwili hivyo haiongezeki, ingawa upana uliokuzwa hulipa jicho nafasi ya kutambua uzi ambao bila hivyo ungekuwa mwembamba mno. Hatua ya pili ni ya hesabu: kiasi cha mwanga kilichoangukia kila pikseli, yaani kila kituo kimoja kati ya vituo milioni 16 vya kihisi, hugeuzwa kuwa namba, kisha prosesa huondoa chengachenga, hunoa kingo, huongeza tofauti kati ya kilicho angavu na kilicho hafifu, na kupeleka matokeo kwenye kioo kidogo kilichomo ndani ya kijitundu cha kutazamia. Anayeweka jicho lake hapo hapokei tena mwanga uliotoka mwezini; anapokea mwanga wa kioo cha kielektroniki kilichowashwa kwa mujibu wa hesabu zilizofanywa juu ya mwanga uliotoka mwezini.

Kuhusu hatua ya kwanza, wanazuoni wa zama hizi wamekwisha kusema mengi, na mwelekeo wao umekuwa wa kukubali. Baraza la Wanazuoni Wakuu la Saudi Arabia, katika uamuzi wake wa mwaka 1983, lilikubali vituo vya falaki vitumike kusaidia kuutafuta mwezi, na likakubali mwandamo ulioonekana kwa darubini hata kama haukuonekana kwa macho matupu. Chuo cha Kimataifa cha Fikihi ya Kiislamu, katika kikao chake kilichofanyika Amman mwaka 1986, kiliazimia kwamba kuona ndiko kunakotegemewa, huku hesabu za falaki na vituo vya uangalizi vikitumiwa kama msaada. Hoja iliyo nyuma ya msimamo huo iko wazi: kioo hakiumbi mwezi, bali humfikishia mtu kile kile kilichopo, na mwenye miwani hajawahi kukataliwa ushahidi wake kwa sababu ya miwani. Hata hivyo hoja hiyo inatosheleza darubini ya kioo, ambamo mwanga wenyewe ndio unaolifikia jicho, na haijulikani moja kwa moja kama inatosheleza pia chombo ambamo kati ya mwanga na jicho pamewekwa prosesa.

Falsafa ya upigaji picha inatoa msaada mkubwa hapa. Mwaka 1984 mwanafalsafa wa Marekani Kendall Walton alitoa hoja kwamba picha ya kamera hupenyeka kwa macho, kwa maana kwamba anayeitazama humwona hasa mtu au kitu kilichopigwa, kama vile anayetazama kupitia kioo cha dirisha anavyokiona kilichoko nje. Sababu yake ni kwamba picha ya kamera hufuata kitu kilivyo bila kupitia katika imani ya mpigaji: mchoraji anayeamini kwamba ameona zimwi atachora zimwi, lakini kamera itatoa kile kilichokuwa mbele ya lenzi, mpigaji awe anaamini nini. Mwaka 2004 wanafalsafa Jonathan Cohen na Aaron Meskin walimjibu kwamba kuona kwa kweli humpa mtu pia habari ya mahali kitu kilipo kuhusiana na mwili wake mwenyewe, kushoto au kulia, juu au chini, karibu au mbali, ilhali picha haimpi habari hiyo. Anayeitazama picha akigeuka huku na huko, picha haimwambii lolote jipya kuhusu alipo yule aliyepigwa.

Mabishano hayo, yaliyoandikwa bila kuufikiria mwandamo, yanaligawa swali la hilali mahali ambapo wengi hawakutarajia ligawanyike. Mtu aliyesimama ufukweni, akaifunga kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, akaielekeza mwenyewe juu kidogo ya mahali jua lilipozama, anajua upande aliouelekea, anajua kimo cha kitu kile kutoka kwenye upeo wa bahari, na dakika baada ya dakika anakiona kikishuka kulifuata jua. Habari ambazo Cohen na Meskin wanazihesabu kuwa sehemu ya kuona anazo zote. Ingawa zimemjia kupitia mwili wake na si kupitia kioo, zimeungana na taswira katika kitendo kimoja. Mtu aliyeketi sebuleni, akapokea picha ile ile kwenye simu yake nusu saa baadaye, hana hata moja kati ya habari hizo. Wawili hao wametazama pikseli zile zile, lakini wa kwanza ana cha kushuhudia na wa pili hana.

Mfano wa sayari ya Zuhura unaonyesha kwamba tofauti hiyo si ya nadharia tupu. Zuhura ina hali za kupevuka na kupungua kama mwezi, jambo ambalo Galileo alilitambua kwa darubini yake mwaka 1610, na inapokaribia kupita kati ya dunia na jua huonekana kama hilali nyembamba yenye kipenyo kinachokaribia dakika moja ya digrii, yaani sehemu moja ya sitini ya digrii. Kwa macho matupu hubaki kuwa nukta angavu, na hakuna mwangaliaji wa mwezi anayeweza kuidhania kuwa mwandamo. Katika kamera iliyovutwa hadi mwisho, nukta hiyo huwa kijihilali kilicho wazi chenye upana wa pikseli mia moja hivi, ambacho kikikatwa na kupanuliwa kwenye simu hakina alama yoyote ya kumjulisha mtazamaji kwamba si mwezi. Aliyekuwa nyuma ya kamera hawezi kudanganyika, kwa kuwa alijua alikuwa ameelekea wapi na aliona udogo wa kitu kile ndani ya fremu. Picha ikishatengwa naye, ulinzi huo unaondoka. Kwa njia hiyo hiyo, nyota iliyopigwa ikiwa nje ya fokasi hugeuka kuwa duara linalochezacheza kwa sababu ya misukosuko ya hewa, na wapo waliozitumia picha za namna hiyo kudai kwamba nyota si zile ambazo sayansi inazieleza. Kamera haikusema uongo, bali picha ilikosa mtu wa kuieleza ilivyopatikana.

Huenda ikajibiwa kwamba jicho tupu nalo hukosea, na kwamba kwa sababu hiyo chombo kinastahili kuaminiwa zaidi. Sehemu ya kwanza ya jibu hilo ni kweli kabisa. Ibn al-Haytham, mwanazuoni aliyezaliwa Basra na kufariki Cairo katika karne ya 11, alieleza katika Kitab al-Manazir kwamba mwanga huingia jichoni kutoka kwenye vitu, lakini sehemu kubwa ya kuona hukamilishwa na akili inayopambanua, inayolinganisha na kukadiria. Ndiyo maana mwezi ulio karibu na upeo huonekana mkubwa kuliko ulio utosini, ilhali haukubadilika. Vitabu vya wasifu vinasimulia pia kwamba Anas bin Malik, sahaba wa Mtume, akiwa mzee sana, alisema ameiona hilali ilhali waliokuwa pamoja naye hawakuona kitu. Iyas bin Muawiya, aliyesifika kwa ukadhi wake Basra, akautambua unywele mweupe wa nyusi uliokuwa umepinda mbele ya jicho la mzee, akaupangusa, kisha akamwomba atazame tena, naye hakuona chochote. Hakuna aliyemtuhumu Anas kwa uongo. Kosa lilirekebishwa kwa sababu mwenye kuona alikuwepo, aliweza kuulizwa, aliweza kuonyesha mahali alipotazama, na aliweza kutazama tena mbele ya wenziwe.

Hapo ndipo panapopatikana kiini cha agizo la kuona. Katika hadithi iliyopokewa na Abu Dawud kutoka kwa Ibn Abbas, hadithi ambayo wanazuoni wa isnadi wameijadili, bedui mmoja alimjia Mtume akasema ameuona mwezi; Mtume akamuuliza kama anashuhudia kwamba hapana mungu isipokuwa Allah na kwamba Muhammad ni Mtume wake, na alipokiri, Bilal akaamrishwa kuwatangazia watu wafunge. Maswali hayakuwa juu ya ukali wa macho ya bedui wala juu ya wembamba wa hilali, bali juu ya mtu mwenyewe na kile ambacho yuko tayari kukibeba mbele ya Mwenyezi Mungu. Fikihi ilipoendelea kuweka masharti ya uadilifu, yaani sifa ya mtu asiyejulikana kwa uongo wala kwa kudumu katika madhambi, ilikuwa inashikilia jambo hilo hilo: mwandamo huthibiti kwa mtu anayejifunga kwa neno lake. Kamera ina usahihi lakini haina uadilifu, kwa kuwa haiwezi kuapa, haiwezi kuona haya na haiwezi kurudi kusema kwamba ilikosea.

Wapo wanazuoni wanaouona mjadala huu wote kuwa umepitwa na wakati, nao wanastahili kusikilizwa kwa heshima. Ahmad Muhammad Shakir wa Misri, katika risala yake ya mwaka 1939, alihoji kwamba kuona kuliamrishwa kwa sababu umma wa kwanza haukuwa watu wa kuandika na kuhesabu, na kwamba sababu hiyo ikiondoka, hesabu za falaki ndizo zinazopasa kufuatwa. Mwaka 2006 Baraza la Fikihi la Amerika Kaskazini lilichukua njia ya hesabu. Kwa anayekubali msimamo huo, kamera haina kazi yoyote ya kisheria, kwa kuwa anachotaka ni kujua kwamba mwezi umezaliwa, na hesabu humjulisha hilo miaka mingi kabla. Kamera inakuwa na maana kwa yule tu anayeshikilia kwamba kuona ni sehemu ya ibada, na kwa hiyo mtu huyo ndiye anayepasa kueleza ni kuona kwa namna gani kunakotimiza ibada hiyo.

Namna hiyo ina mpaka, na tukio moja la kifalaki linauonyesha waziwazi. Tarehe 8 Julai 2013, mpiga picha wa anga Thierry Legault wa Ufaransa aliipiga picha hilali katika dakika ile ile ya mwezi kuzaliwa, mchana kweupe, mwezi ukiwa digrii 4.4 tu kutoka kwenye jua, kwa kutumia mwanga wa infraredi ambao jicho la binadamu haliupokei. Mwanafalaki André Danjon alikuwa amekadiria katika miaka ya 1930 kwamba chini ya takribani digrii saba hilali haionekani na mtu yeyote. Kama kila taswira ya mwezi iliyopatikana kwa chombo ingehesabiwa kuwa mwandamo, basi mwezi ungeandama mchana, katika dakika ya kuzaliwa kwake, popote panapokuwa na vyombo vya kutosha, na kuona kusingekuwa tofauti tena na hesabu. Kwa hiyo anayeitetea ru'ya, yaani kuona kwa sharia, hawezi kukubali kila kamera bila kuibomoa nyumba anayoilinda. Na anayeikataa kila kamera atalazimika kueleza kwa nini aliikubali miwani.

Kati ya pande hizo mbili ipo njia inayoshikika. Chombo kinachomsaidia mtu aliyepo mahali pale, jioni ile, kukiona kitu ambacho yeye mwenyewe anakielekea na anaweza kukionyesha kwa kidole, kinakirefusha kitendo chake cha kuona bila kukiondoa mikononi mwake. Chombo kinachotoa taswira ambayo hakuna mtu anayeweza kusema aliielekea na kuifuata kwa macho kimetoa habari ya kisayansi, na habari hiyo ipelekwe penye hesabu, inakostahili. Upo pia uhusiano wa unyenyekevu kati ya kamera na hesabu ambao haufai kufichwa. Fremu yenye upana wa theluthi mbili za digrii haiwezi kuipepeta anga yote ya magharibi kwa dakika chache ambazo hilali hubaki juu ya upeo, na mwenye kamera hulazimika kujua mapema kimo na upande wa mwezi, ambavyo huvipata kwa wanafalaki. Taqi al-Din al-Subki, mwanazuoni wa karne ya 14, alikwishasema kwamba ushahidi wa kuona ukipingana na hesabu ya yakini inayoonyesha kutowezekana, ushahidi huo hurudishwa. Kwa hiyo hesabu inaweka uwanja, kamera inaelekeza jicho ndani ya uwanja huo, na mtu anashuhudia.

Katika Afrika Mashariki jambo hili si la vitabuni. Waislamu wa Kenya husubiri tangazo la Kadhi Mkuu, wa Tanzania Bara husubiri la Mufti, Zanzibar ina Mufti wake, na miaka mingi Idi huswaliwa kwa siku mbili tofauti ndani ya mji mmoja kwa sababu wengine hufuata mwandamo wa hapa na wengine hufuata mwandamo wa popote duniani. Kila upande una tegemeo lake: hadithi ya Kurayb iliyopokewa na Muslim, ambamo Ibn Abbas akiwa Madina hakuufuata mwandamo ulioonekana Sham, ni tegemeo la walio na msimamo wa kwanza, na ujumla wa agizo la kuona ni tegemeo la wa pili. Picha inayosambazwa kwenye simu usiku wa tarehe 29 haiwezi kuumaliza mjadala huo, lakini inaweza kuuchafua, kwa kuwa inajionyesha kana kwamba inamwezesha kila anayeipokea kuuona mwezi, na hivyo kumfanya kila mmoja ajihisi shahidi bila kubeba dhima ya ushahidi. Kurayb, aliyeleta habari ya mwandamo wa Sham, alikuja Madina yeye mwenyewe na kwa jina lake, akaulizwa kama ameuona mwenyewe, akajibu kwamba ameuona, na kwamba watu pia wameuona.

Yanayofuata kutokana na hoja hii kwa kadhi na kwa kamati ya mwezi ni mambo ya kutendeka. Mtu anapokuja na kamera yake, asirudishwe kwa sababu ya kamera wala asipokewe kwa sababu ya picha. Aulizwe aliposimama, alipoelekea, kimo cha hilali kutoka kwenye upeo na ncha zake zilipoelekea. Aulizwe kama aliifuata kwa muda au aliikuta baadaye alipokuwa akipitia picha zake nyumbani. Aulizwe kama alijaribu kwa macho matupu baada ya kamera kumwonyesha mahali, na ni nani aliyekuwa pamoja naye. Majibu hayo yalinganishwe na hesabu za wanafalaki kwa jioni ile. Aliyeikuta hilali nyumbani ndani ya faili la picha ashukuriwe kwa habari yake, na habari hiyo isiitwe mwandamo. Aliyesimama, akaelekea, akafuata na yuko tayari kuapa, ushahidi wake upimwe kama wa shahidi mwingine yeyote, kwa kuwa lenzi imemsogezea mwezi tu, na dhima ya kusema kweli ameibeba yeye.